Duchess wa Edinburgh na Daftari la Msikiti Wetu



Swali la wiki hii halikutoka kwa mwanachuoni. Lilitoka kwa binti wa miaka kumi na minne, mwanafunzi wa madrasa yetu hapa Dodoma, aliyeingia ofisini baada ya sala ya alasiri kuchukua chaki. Juu ya meza palikuwa na gazeti kuukuu lililokuwa limefungiwa misahafu kutoka dukani, na katika ukurasa wake mmoja ilikuwepo picha ya mwanamke wa Kiingereza mwenye kofia pana. Chini ya picha pameandikwa kwamba huyo ni Duchess wa Edinburgh. Binti aliitazama kwa muda, kisha akauliza: "Ustadhi, mama huyu jina lake nani?"

Tuliisoma habari ile tangu mwanzo hadi mwisho. Cheo kimetajwa mara nne; jina halikutajwa hata mara moja.

Tungeweza kumwambia achukue chaki zake aende darasani. Lakini wiki hiyo hiyo kamati yetu ilikuwa imekaa vikao vitatu juu ya mwanamke wa jamaa yetu ambaye naye katika vitabu vyetu ana cheo na hana jina, na kwa sababu hiyo nyumba ya wakfu ilikuwa karibu itutoke mikononi. Habari hiyo tutaifikia. Tuanze na ya Waingereza, maana ndiyo aliyoulizia binti.

Katika ukabaila wa Uingereza ziko ngazi tano, na ya juu kuliko zote ni ya Duke. Duke wa kwanza wa Kiingereza alitangazwa mwaka 1337, naye ni mwana wa Mfalme Edward wa Tatu aliyepewa Cornwall. Wake wa makabaila wa ngazi nne za chini huitwa kwa kawaida Lady. Mke wa Duke peke yake ndiye aitwaye Duchess. Wafasiri wetu wamehangaika kutafuta neno la Kiswahili, na baadhi yao wametumia mtemi; ndiyo maana nchi ndogo ya Luxembourg huandikwa mahali pengine kuwa ni Utemi Mkuu. Kwa sisi wa nyanda hizi za kati neno hilo si geni hata kidogo. Wazee wa Kigogo bado wanamtaja Mtemi Mazengo wa Mvumi, na watemi walikuwa na mamlaka yao mpaka Serikali ya Tanganyika ilipoufuta utawala wa machifu mwaka 1963. Hata hivyo tafsiri hiyo inapwaya. Mtemi wa Kigogo alikuwa akidaiwa mvua na watu wake, ilhali mvua ni ya Mwenyezi Mungu. Nasi hatujapata kusikia Duke aliyedaiwa mvua.

Sheria za cheo hicho kwa upande wa mke ni za namna yake. Mwanamke akiolewa na Duke asubuhi, jioni ni Duchess, hata kama jana alikuwa akiuza duka. Mumewe akifariki, na mtoto akarithi na kuoa, mkwe ndiye anayekuwa Duchess, na mjane huongezewa neno la kuonyesha kwamba zamu yake imepita. Akiachwa, jina lake la kuzaliwa hutangulizwa mbele ya cheo ili asichanganywe na mke mpya. Akiolewa na mtu mwingine, cheo kimekwisha. Wala mlango huo haufunguki kwa upande wa pili: wako wanawake wachache waliorithi cheo hicho wao wenyewe, lakini mwanamume akimwoa mmoja wao hawi Duke kwa sababu ya ndoa.

Chukueni hicho hicho cha Edinburgh. Mwaka 1947 binti mkubwa wa mfalme wa Uingereza, Elizabeth, aliolewa na Philip, ambaye wakati wa harusi alipewa cheo cha Duke wa Edinburgh. Kwa hiyo Elizabeth, ambaye kwa kuzaliwa alikuwa tayari binti wa mfalme, akawa pia Duchess wa Edinburgh. Kwa vyeo hivyo viwili alifika Kenya mwanzoni mwa mwaka 1952, na usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari alilala Treetops, ile hoteli iliyojengwa juu ya mti katika msitu wa Nyeri, akitazama tembo na vifaru wakija kunywa maji. Usiku huo baba yake alifariki Sandringham. Alipanda mtini akiwa mke wa Duke na binti wa mfalme, akateremka akiwa malkia. Na mumewe? Mumewe hakuwa mfalme. Alibaki Duke, na kwa cheo hicho alikuja Dar es Salaam mwaka 1961 bendera ya Uingereza ilipoteremshwa, na akaja tena Unguja Desemba 1963 kwa shughuli ya namna hiyo hiyo. Philip alifariki mwaka 2021. Cheo chake kilipita kwa mwanawe mkubwa, kikarudi katika ufalme mwaka 2022, na mwaka 2023 akapewa mwanawe mdogo, Edward. Mke wa Edward anaitwa Sophie, na huyo ndiye mwenye kofia pana katika gazeti letu.

Kwa maneno mengine, kiti ni kimoja. Jana alikikalia Elizabeth, leo anakikalia Sophie, na mwandishi wa habari anakiandika kiti bila kumwandika aliyekaa.

Tena kiti hicho hakiko mikononi mwa mwanamke mwenyewe. Mwaka 1937 aliyekuwa mfalme, akaacha ufalme ili amwoe mwanamke Mmarekani aliyekuwa ameachika, alifanywa Duke wa Windsor. Mkewe akawa Duchess, lakini akanyimwa kwa amri ya kifalme ile heshima ya kuitwa Mtukufu ambayo mumewe alikuwa nayo, na akafa hana. Na karibu na siku zetu, Sarah Ferguson aliolewa mwaka 1986 na Duke wa York, wakaachana mwaka 1996, akaendelea kuitwa kwa jina lake likifuatwa na cheo, kwa karibu miaka thelathini. Oktoba 2025 aliyekuwa mumewe alipoacha kutumia cheo chake, cheo cha huyo mama kilikwenda naye. Akarudi kuitwa Sarah Ferguson, kama alivyoingia.

Hapa baadhi ya ndugu zetu watatabasamu na kusema, tazama walivyo hao. Taratibu. Ni kweli kwamba kwa sheria ya Kiingereza mwanamke aliyeolewa, awe Duchess au mfua nguo, kwa karne nyingi alihesabiwa kuwa amefunikwa na mumewe, na mali aliyokuja nayo iliingia katika mamlaka ya mume; sheria iliyompa haki kamili ya kumiliki mali yake ndani ya ndoa ilipitishwa huko mwaka 1882. Ni kweli pia kwamba sheria yetu ilikuwa imempa mwanamke haki hiyo karne kumi na mbili kabla yake. Mahari ni yake, biashara yake ni yake, urithi wake ni wake. Lakini haki iliyo katika vitabu vya fikihi ni kitu kimoja, na kalamu ya katibu wa msikiti ni kitu kingine. Mwenye kuandika makala haya ndiye mwenye kalamu hiyo.

Turudi kidogo nyumbani. Mmoja wa wake wa makabaila hao aliishi jirani nasi. Ukitoka Dodoma kwa barabara ya Mtera ukapanda mpaka Iringa, umefika katika nchi ambayo baada ya Vita Kuu ya Pili alikaa lodi mmoja wa Kiingereza, Lord Chesham, wa tawi la ukoo wa Cavendish, ukoo wa Duke wa Devonshire. Yeye alikuwa katika ngazi ya chini kabisa ya zile tano. Mkewe alikuwa Mmarekani, jina lake Marion. Lodi alifariki mwaka 1952. Mjane hakufunga mizigo. Katika uchaguzi wa kwanza wa Tanganyika, wa mwaka 1958 na 1959, aliungwa mkono na TANU, akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria, na baada ya uhuru akaendelea katika Bunge. Wazee wanaomkumbuka wanasema "Lady Chesham". Waulizeni jina lake, wengi watanyamaza. Mchango ulikuwa wa Marion, na ukumbusho umeandikwa kwa jina la marehemu mumewe.

Katika Bunge hilo hilo alikaa Bibi Titi Mohamed. Huyu aliolewa zaidi ya mara moja katika maisha yake, na katika ndoa zote alikuwa Titi binti Mohamed. Mohamed ni baba yake. Neno "Bibi" lililotangulia jina lake hakupewa na ndoa yoyote. Na leo, anayekaa Ikulu ya Chamwino, hapa hapa mkoani kwetu, ni Samia binti Suluhu Hassan, na katika jina hilo hakuna jina la mume ndani yake. Waislamu wa pwani na visiwani hawakulitafakari jambo hili kama msimamo. Ni desturi tu waliyoikuta kwa mama zao.

Desturi hiyo ina mizizi mirefu. Vyeo vya wanawake tunavyovijua pwani, Sharifa, Sayyida, Mwana, ni vya nasaba. Mwanamke huzaliwa navyo na kufa navyo, na mume haviongezi wala havipunguzi. Katika nyumba ya Sayyid Said bin Sultan huko Unguja, mke mkuu alikuwa Bibi Azza binti Seif, mwanamke mfupi wa kimo asiye na mtoto, ambaye neno lake halikupingwa na mtu yeyote nyumbani humo. Hakuitwa kwa cheo cha mumewe. Yeye mwenyewe alikuwa wa ukoo wa kifalme wa Oman, na aliitwa kwa jina la baba yake. Binti wa Sayyid Said kwa suria wa Kicherkesi, Salme, aliyezaliwa mwaka 1844, alihesabiwa mwana wa sultani sawasawa na wenzake, maana kwa sheria yetu mtoto wa suria hana upungufu katika nasaba. Habari ya Salme kuondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani huko Aden na kuiacha dini, inajulikana na inatuuma, hatuingii humo leo. Tunachotaka mkione ni kwamba baada ya ndoa hiyo aliandikwa Emily Ruete, jina geni na ubini wa mume, lakini kitabu chake cha mwaka 1886 kilipochapwa Ujerumani, juu yake kiliwekwa cheo cha binti wa mfalme wa Kiarabu. Hata huko walijua ni jina lipi lina uzito.

Basi je, ni makosa kumwita mwanamke mke wa fulani? Tuliliuliza swali hili katika kikao, na mzee mmoja mwenye elimu alitupunguza kasi, Mwenyezi Mungu amlipe kheri. Alitukumbusha hadithi iliyo katika Bukhari na Muslim, ya Zaynab aliyekwenda kwa Mtume (S.A.W.) kuuliza kama inamtosheleza kumpa sadaka mumewe na mayatima alio nao nyumbani. Mtume alipoambiwa kwamba mlangoni yupo Zaynab, aliuliza ni Zaynab yupi, akajibiwa kwamba ni mke wa Abdullah, yaani Ibn Masud. Kumtambulisha mwanamke kwa mumewe, basi, hakukukatazwa. Kulitumika mbele ya Mtume mwenyewe. Lakini tazameni alikwenda kuuliza nini. Alikwenda kuuliza juu ya mali yake. Mume alikuwa fakiri, mke ndiye aliyekuwa na cha kutoa, na akajibiwa kwamba ana thawabu mbili. Utambulisho ulikuwa wa mume, sadaka ilikuwa ya Zaynab, na hakuna aliyezichanganya.

Qur'ani Tukufu nayo inawataja wanawake wengi kwa waume zao bila majina. Mwishoni mwa Suratut Tahrim wanatajwa mke wa Nuhu na mke wa Lutu, waliokuwa chini ya waja wawili wema, na vyeo vya waume hao havikuwafaa kitu. Kisha anatajwa mke wa Firauni, na ubaya wa mume haukumdhuru. Kisha Maryamu, ambaye hakuwa mke wa mtu, naye ndiye aliyetajwa kwa jina pamoja na la baba yake. Tumeisoma sura hiyo mara nyingi tangu chuoni. Hatukuwahi kuisoma tukiwa na daftari la kamati mbele yetu.

Kipo na cheo kimoja kikubwa cha ndoa ambacho Mwenyezi Mungu mwenyewe amekitoa: katika Suratul Ahzab, aya ya sita, wake za Mtume wamefanywa mama wa waumini. Hakuna Duchess anayefikia hapo. Lakini katika sura hiyo hiyo wanaambiwa kwamba atakayefanya uovu wa wazi adhabu yake ni maradufu, na atakayetii ujira wake ni mara mbili; yaani heshima iliteremka pamoja na mzigo wake. Na pamoja na cheo hicho, Umma huu haukuwapoteza majina. Mtoto wa madrasa anakutajia Khadija binti Khuwaylid, Aisha binti Abu Bakr, Hafsa binti Umar, Zaynab binti Jahsh. Bi Aisha hakuzaa, akapewa kuniya ya Ummu Abdillah kwa jina la mtoto wa dada yake, kama sisi tunavyosema Mama Abdallah. Nalo ni jina la mapenzi tu, halikufuta lile la kwanza.

Sasa hapa kwetu. Tangu Serikali ihamie Dodoma, mji umejaa vyeo. Yuko Mama Mheshimiwa, yuko Mama Mkurugenzi, na katika misikiti yetu yuko Mama Imamu na Mama Mwenyekiti. Hatuna neno, ni adabu, na adabu ni katika dini. Akina mama wenyewe wanaipenda, na mwenye kumwita jirani yake kwa jina tupu barazani ataonekana hakulelewa. Tatizo letu halikuwa barazani. Lilikuwa katika daftari.

Mwaka 2009 mama mmoja wa jamaa yetu, mfanyabiashara wa karanga na alizeti, alitoa nyumba ya vyumba viwili vya kupangisha iwe wakfu wa madrasa. Kodi yake ndiyo inayolipa maji na posho ya mwalimu mmoja mpaka leo. Katika daftari la msikiti katibu wa wakati huo aliandika kwamba nyumba imetolewa na mke wa Mzee fulani. Mzee huyo alikuwa anajulikana mtaa mzima, kwa hiyo ilionekana inatosha. Mwaka 2019 daftari lilikuwa limechakaa, kurasa zinatoka, nasi tukalinakili upya kwa mkono wetu wenyewe, mstari kwa mstari. Tuliona fahari kwa mwandiko ule. Tulipofika kwenye nyumba tukanakili vivyo hivyo: mke wa Mzee fulani. Hatukuuliza ni mke yupi, na Mzee alikuwa na wake wawili.

Mzee alifariki mwaka jana, Mwenyezi Mungu amrehemu. Baada ya eda, watoto wa mke wa pili walikuja ofisini, vijana wenye adabu, wakasema kwamba nyumba ile ilikuwa ya baba yao, na iingie katika mirathi. Hoja yao haikuwa ya kitoto. Wakfu hausihi ila kwa mwenye mali, wakasema, na daftari lenu halimtaji mwenye mali, linamtaja mke wa mwenye mali. Mke hana ruhusa ya kuweka wakfu nyumba ya mumewe. Nao mama yao, ambaye kwa daftari letu ni mke wa Mzee sawasawa na mwenzake, hakumbuki kutoa nyumba.

Tulimwendea mtoaji. Ni mtu mzima, macho yamepungua nguvu, lakini kumbukumbu iko timamu. Alitutolea sanduku la bati, na ndani yake hati ya mauziano ya kiwanja, imetiwa saini mbele ya mwenyekiti wa mtaa wa miaka hiyo. Mnunuzi ameandikwa kwa jina la mwanamke na la baba yake. Tukafurahi, lakini furaha ilikuwa fupi. Jina lile hakuna mjumbe wa kamati aliyewahi kulisikia. Sote tulimjua kwa kuitwa mke wa Mzee, au Mama wa mwanawe wa kwanza. Kitambulisho chake cha Taifa, alipojiandikisha, kimebeba ubini wa mume. Kwa hiyo tulikuwa na hati inayomtaja mwanamke asiyejulikana, kitambulisho kinachomtaja mwingine, na daftari lisilomtaja yeyote, na wote watatu walikuwa mtu huyo huyo aliyekaa mbele yetu juu ya mkeka akitusubiri tumalize kunong'ona.

Alituambia neno moja ambalo hatutalisahau. "Nyumba niliinunua mimi na karanga zangu. Ninyi mmemwandikia mume wangu thawabu, sasa watoto wanataka na nyumba."

Ilibidi atafutwe bibi mmoja wa Kondoa, alikozaliwa, aliyecheza naye utotoni, aje aape kwamba mwenye jina lile ndiye huyu. Ikabidi kupatikane hati ya kiapo ya kuunganisha majina mawili. Muuzaji wa kiwanja alikwishafariki, lakini shahidi wake mmoja yu hai, akaja na fimbo yake. Masheikh na wazee walisikiliza kwa siku mbili. Vijana wawili katika wale watatu walikubali na kuweka saini, na mmoja wao alikwenda kumbusu mkono mama yao mkubwa. Wa tatu bado hajaweka saini. Nyumba iko mikononi mwa msikiti, na kodi ya mwezi huu tumepokea, lakini faili halijafungwa.

Waingereza, tuliowacheka hapo juu, wakimwacha Duchess angalau hulitanguliza jina lake ili asidhaniwe kuwa ni mke mpya. Daftari letu halikuwa na hata akili hiyo.

Tangu wiki iliyopita tumeanza kulipitia upya. Tumeongeza safu mbili, ya jina la mtoaji na ya jina la baba yake, na anayetaka aandikwe kuwa ni mke wa fulani huandikwa katika safu ya maelezo. Miongoni mwa michango ya miaka kumi na tano, mifuko ya saruji, mabati, mikeka, pampu ya kisima, tumekuta mistari thelathini na moja iliyoandikwa kwa mume peke yake. Tunawatembelea wahusika mmoja mmoja baada ya sala ya ijumaa, na wawili tumewakuta wamekwishatangulia mbele ya haki; majina yao tumeyapata kwa dada zao. Wasomaji wenye madaftari ya namna hii katika misikiti ya Kongwa, Mpwapwa, Manyoni na kwingineko watatuambia wameona nini katika yao.

Binti wa chaki tulimjibu siku ya pili yake kwamba mama wa pichani anaitwa Sophie. Akauliza, binti wa nani? Tukalazimika kurudi kutafuta. Ni binti wa Christopher, Christopher Rhys-Jones. Aliandika jina hilo katika daftari lake la Kiswahili, sijui kwa kazi gani, kisha akauliza kama na yeye anaweza kutusaidia kuandika safu mpya, kwa kuwa mwandiko wake ni mzuri kuliko wetu. Ni kweli, ni mzuri. Anaanza Jumamosi.

Wabillahi tawfiq.